Gesi Ikikataa Kuwaka Vizuri: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Katika nyumba nyingi za Kitengela, Ongata Rongai na Ngong, chai ya asubuhi hupikwa kwa gesi. Wenye nafasi ndogo hutumia mtungi wa kilo 6 wenye jiko lake juu, maarufu kama meko. Wengine wana mtungi wa kilo 13 uliounganishwa na jiko la mabamba mawili au zaidi kupitia regulata na mpira. Tatizo linalowakuta wote ni moja: moto unafifia, unageuka njano, unazimika wenyewe au unakataa kushika kabisa, ilhali mtungi ulinunuliwa juzi.

Wengi hukimbilia kuutikisa mtungi, kuulaza au kuukandamiza mpira, na hapo ndipo hatari huanzia. Mara nyingi kasoro ni ndogo na inaweza kutambuliwa kwa kufuata hatua chache kwa utaratibu.

Kwanza, pua

Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Hutiwa dawa yenye harufu kali, inayofanana na kabichi iliyooza, ili inapovuja watu wajue. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi darini bali hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe, chini ya kitanda na kwenye mitaro.

Harufu ikisikika, ukaguzi mwingine wote usubiri. Koki za jiko na vali ya mtungi zifungwe, madirisha na milango ifunguliwe, na watu watoke nje. Swichi ya taa isiguswe, iwe ya kuwasha au ya kuzima, kwa kuwa cheche yake inatosha kulipua. Simu ipigwe mtu akiwa nje. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112.

Je, kweli gesi imo?

Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Uzito huo ukijumlishwa na wa gesi unapaswa kulingana na mizani. Kwa mfano, mtungi wenye uzito mtupu wa kilo 7.4 ukijazwa kilo 6 unapaswa kusoma kilo 13.4. Mteja ana haki ya kuomba mtungi upimwe mbele yake kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa kupima amejibu swali tayari.

Mtungi uliopunja hutoa moto dhaifu mapema, na mwenye nyumba hudhani jiko limeharibika. Mitungi kama hiyo mara nyingi hutoka kwa wajazaji haramu. Kanuni za gesi za mwaka 2019 haziruhusu mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya mwenye nembo, na muuzaji wa rejareja anahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA.

Baridi nayo huchangia

Gesi iliyo ndani ya mtungi ni kimiminika. Inapotumika hugeuka mvuke, na kugeuka huko hunyonya joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Ndiyo maana mtungi huwa baridi na hata kutoa umande nje unapopikia kwa muda mrefu. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke kwa urahisi hata kwenye baridi kali, lakini butani hugoma joto likikaribia nyuzi 0. Katika asubuhi za Julai, mtungi mdogo unaokaribia kuisha na unaochemsha maharagwe kwa saa mbili unaweza kufifia ingawa bado una gesi kidogo.

Dawa yake ni kuzima, kuacha mtungi upumzike mahali penye joto la kawaida, kisha kuwasha tena. Mtungi usimwagiwe maji yanayochemka wala kusogezwa karibu na moto. Usilazwe pia: ukilala, kimiminika badala ya mvuke huingia kwenye jiko, na moto unaweza kuruka ghafla hadi darini.

Bamba moja au yote?

Kwa wenye jiko la mabamba zaidi ya moja, swali hili huokoa muda na pesa. Ikiwa mabamba yote yana moto hafifu, kasoro iko kabla ya jiko: kwenye mtungi, regulata au mpira. Ikiwa bamba moja tu ndilo dhaifu na mengine yanawaka sawa, mtungi hauna kosa. Kasoro iko kwenye bamba hilo.

Kwa mwenye meko, njia rahisi ni kwenda na kichwa cha jiko kwa muuzaji mwenye leseni na kukijaribu kwenye mtungi mwingine, nje, mahali penye hewa. Kikiwaka vizuri huko, shida ni mtungi. Kikigoma, shida ni kichwa.

Mabamba yote yakiwa dhaifu

Mpira uangaliwe kwanza. Huenda umekunjika nyuma ya kabati au umekanyagwa na mguu wa jiko. Mpira uliopasuka, uliokauka au uliotafunwa na panya hubadilishwa. Haufungwi kwa selotepu wala kipande cha nailoni.

Kisha regulata ihakikishwe kuwa imekaa sawasawa juu ya vali na imefunguliwa. Ndani ya mdomo wa vali kuna ringi ndogo ya mpira. Ringi hiyo ikichakaa au ikipotea, gesi hupungua kwenye jiko na kuvuja pembeni. Regulata yenyewe haifunguliwi ili irekebishwe. Ikiharibika, inunuliwe mpya inayolingana na vali ya mtungi.

Bamba moja likiwa dhaifu

Hapa kosa la kawaida ni uchafu. Maziwa yaliyofurika, uji, mafuta na vumbi huziba matundu ambamo moto hutokea. Chini yake kuna nozeli, yaani tundu dogo sana linalopima gesi, na bomba fupi linalochanganya gesi na hewa. Buibui na wadudu hupenda kujificha kwenye bomba hilo, hasa jiko likikaa bila kutumika.

Vali ya mtungi ikiwa imefungwa na jiko limepoa, kifuniko cha bamba kinaweza kutolewa, kuoshwa kwa maji ya sabuni, kusuguliwa kwa brashi na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Matundu ya kifuniko huzibuliwa kwa kijiti. Nozeli isichokonolewe kwa sindano wala msumari, kwani tundu likipanuka hata kidogo gesi huwa nyingi kupita kiasi. Kazi ya nozeli aachiwe fundi.

Rangi ya moto pia husema. Buluu iliyotulia ni dalili njema. Njano inayopaka sufuria masizi inaonyesha hewa haitoshi, na mara nyingi chanzo ni uchafu. Moto unaonguruma na kuruka juu ya bamba unaonyesha hewa au msukumo umezidi, na hapo regulata inafaa kuangaliwa.

Kuhakikisha hakuna uvujaji

Baada ya kugusa kiungo chochote, maji yenye povu la sabuni yapakwe kwenye vali, regulata na ncha zote mbili za mpira, vali ikiwa wazi na koki za jiko zikiwa zimefungwa. Povu likifura, panavuja. Kiberiti hakitumiki kamwe kutafuta uvujaji.

Njia za mkato hugharimu maisha

Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi eneo la Mradi, Embakasi, uliua watu na kujeruhi mamia. EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo. Nyumbani hatari ni ndogo kwa ukubwa, lakini chanzo hufanana: mtu aliona utaratibu unamchelewesha.

Kuna hatari nyingine isiyo na kelele. Gesi ikigoma usiku wa baridi, baadhi ya familia huwasha jiko la makaa na kuliingiza ndani, kisha kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko la makaa libaki nje hadi makaa yazimike kabisa.

Hatua hizi zikifuatwa na moto bado ukigoma, mtungi ufungwe na urudishwe kwa muuzaji, au aitwe fundi anayeifahamu kazi hiyo. Kulala bila chai usiku mmoja ni hasara ndogo.