Farasi Anapolala Msituni

Misitu ya taifa ya Marekani ina ukubwa wa ekari zipatazo milioni 193, na sehemu kubwa yake iko wazi kwa wapanda farasi. Hata katika nyika zinazolindwa kwa sheria ya mwaka 1964, ambamo magari, pikipiki na baiskeli haviruhusiwi, farasi na nyumbu huingia wakiwa wamebeba watu, mahema na chakula cha siku kadhaa. Nyika ya Bob Marshall, jimboni Montana, ni mojawapo.

Mnyama wa kilo 450 hula takriban kilo 9 za malisho kwa siku na kunywa lita 20 hadi 40 za maji. Malisho ndiyo hatari ya kwanza. Mbegu za magugu hupita tumboni zikiwa hai, zikatoka na kinyesi na kuota kwenye mabonde ambayo hayajawahi kuwa nazo. Kwa hiyo misitu mingi ya magharibi hukubali tu majani makavu ambayo shamba lake lilikaguliwa na kuthibitishwa kuwa safi. Mwenye farasi makini huanza kumlisha majani hayo siku chache kabla ya kuondoka nyumbani.

Namna ya kumfunga farasi usiku ndiyo humtofautisha mzoefu na mgeni. Farasi aliyefungwa kwenye shina akichoka kusimama huparura ardhi kwa kwato, akaiacha mizizi wazi, kisha huanza kutafuna gome. Gome likiisha kuzunguka shina, mti hufa. Njia bora ni kuvuta kamba kati ya miti miwili mikubwa iliyo hai, juu ya kichwa cha farasi, na kuishika kwa mikanda mipana isiyokata gome. Farasi hufungwa sehemu ya katikati ya kamba hiyo, mbali na mashina, akiachiwa urefu wa kufikisha mdomo chini bila mguu wake kunasa. Pachaguliwe mahali pakavu na pagumu, angalau mita 60 kutoka mtoni au ziwani.

Kwenye maeneo yenye dubu, malisho ya punje huhifadhiwa kama chakula cha watu: huning'inizwa juu au hufungiwa kwenye masanduku imara.

Njiani, watembea kwa miguu huwapisha farasi. Wasimame upande wa chini wa mteremko na kuzungumza kwa sauti ya kawaida, kwani farasi hushtuka haraka akiona kiumbe kilichotulia kimya na mzigo mrefu mgongoni.

Kambi ikivunjwa, kinyesi hutawanywa, mashimo hufukiwa na mabaki ya majani huokotwa. Wapanda farasi wengi hufanya zaidi ya hapo. Chama cha Back Country Horsemen, kilichoanzia Montana mwaka 1973, hujitolea kufungua njia zilizozibwa na miti iliyoanguka. Misumeno ya injini kwa kawaida hairuhusiwi nyikani, hivyo wanachama hukata magogo kwa misumeno ya mkono, na zana hizo hufikishwa huko kwa mgongo wa nyumbu.