Saa ya kupima sukari kwa jasho: usitupe stripu bado

Mzazi wa mtoto anayechoma insulini anaijua shida ya vidole: asubuhi, kabla ya kula, kabla ya kulala, na mara nyingine saa nane usiku. Ndiyo maana tangazo la saa au pete inayosoma sukari bila kutoboa ngozi linavutia sana. Lakini Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaonya watu wasitumie vifaa hivyo. Haikuwa imeidhinisha hata kimoja.

Jasho lenyewe si la kudharau. Tangu 1959 kuna kipimo cha chumvi ya jasho kwa watoto wanaoshukiwa kuwa na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu na kongosho. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitengeneza mkanda wa mkononi uliosoma chumvi, sukari na laktati kwenye jasho la watu waliokuwa wakifanya mazoezi. Wanamichezo nao wana plasta za kuonyesha maji na chumvi wanayopoteza.

Ugumu uko kwenye sukari. Iliyomo kwenye jasho ni kidogo mno, takriban sehemu moja kwa mia ya ile ya damu, tena huchelewa kufika. Mabaki ya soda au losheni kwenye ngozi yanatosha kuvuruga jibu. Na mtoto aliyelala, ambaye ndiye mzazi anamhofia zaidi, huenda hatoi jasho la kutosha kupimwa. Ukipanga dozi ya insulini kwa namba ya kubahatisha, unaweza kumshusha sukari hadi azimie.

Vile vihisi vya kubandika mkononi au tumboni ambavyo baadhi ya wagonjwa huvaa ni kitu kingine. Vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na havisomi jasho. Hata navyo, namba isipolingana na hali ya mtoto, pima kidole.

Jasho moja tu halihitaji saa kulisoma. Mtoto akitokwa kijasho chembamba cha baridi, akatetemeka au akawa kama amechanganyikiwa, mpime. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, au kipimo hakipo karibu, mpe juisi au maji ya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.