Shaka ya Imamu Ghazali

Wengi huiogopa shaka kama mwizi wa imani, nao hudhani kuwa mwenye dini ya kweli hajapata kuyumba. Mimi naona tumeidhulumu, na shahidi wangu ni mtu asiyeweza kutuhumiwa kwa uchache wa elimu wala wa ucha Mungu: Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058, ambaye kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din kingali kikidarasishwa hata katika misikiti ya pwani yetu.

Katika kitabu chake kingine, Al-Munqidh min al-Dalal, alichokiandika umri wake ulipokwisha kupita miaka hamsini, asimulia jinsi alivyotaka kujua yakini ni kitu gani. Alianza na macho, ambayo watu huyaamini kupita vyote. Alitazama kivuli akakiona kimetulia. Saa ikapita, kikawa kimehama, akatambua kuwa hakikutulia hata nukta moja, bali kilikuwa kikijongea kidogo kidogo mbele yake naye hana habari. Alitazama nyota akaiona ndogo kadiri ya dinari, ilhali hesabu za wanafalaki zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Basi ikiwa macho yamehukumu uongo na akili ikayasuta, nani ajuaye kama nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine wa kuisuta akili nayo, kwani aotaye hatambui kuwa aota mpaka aamke? Karibu miezi miwili alikosa neno la kushika, na akiri waziwazi kuwa hakuponywa kwa hoja zilizopangwa, ila kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mola wake.

Mtihani mkubwa zaidi ulimjia baadaye, nao haukuwa wa akili bali wa nia. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha ualimu katika chuo cha Nizamiya cha Baghdad, akasomesha wanafunzi wapatao 300. Lakini alipoipeleleza nafsi yake aliona kuwa kinachomsukuma ni jaha na sifa. Mwaka 1095, kwa muda wa miezi kama sita, leo aliazimia kuondoka na kesho azma ikavunjika, hata ulimi wake ukafungwa, akaketi mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno, na chakula kikawa hakimshuki. Matabibu walisema maradhi yameingia moyoni, wakakata tamaa. Akagawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto, akaaga kuwa aenda Makka, huku moyoni amekusudia Sham, yaani Syria. Huko, mjini Dameski, alikuwa akipanda mnara wa msikiti, akajifungia humo mchana kutwa.

Liko jambo ambalo wasomaji hulipita upesi. Baada ya kuhiji, aeleza, wito wa watoto wake ulimvuta kurudi kwao, ingawa alikuwa hataki kabisa kurudi, na shughuli za ahali zikamvurugia upweke wake. Wako wauonao huo kuwa udhaifu. Kwangu mimi hapo ndipo unyofu wake unapodhihiri, kwa sababu angeweza kuyaficha mapenzi hayo kwa watoto wake na asijue mtu, naye akayaandika pamoja na shaka zake.

Mwaka 1106 alirudi kusomesha, mjini Nishapur, akafariki kwao Tus mwaka 1111. Enyi walimu, mwanafunzi akikujieni na swali linalomnyima usingizi, nawasihi msimkemee. Mketisheni, mumsomee habari za Imamu huyu.