Nusu Dakika ya Msaidizi wa Daktari wa Meno

Mgonjwa anayefunguliwa kinywa humtazama daktari na vifaa vyake. Mtu wa pili, aliyeketi upande wa kushoto wa kichwa chake, mara nyingi hamkumbuki. Huyo ndiye msaidizi wa daktari wa meno. Kazi zake ni nyingi. Makala haya yanaeleza hasa moja, ya kuchanganya saruji ya kuziba jino, kwa kuwa hapo jino huweza kuokoka au kupotea.

Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno nchini Tanzania, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walianzisha njia ya kutibu meno yaliyotoboka pasipo umeme wala mashine ya kukereza. Uozo laini huondolewa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji ya glasi-ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji yenyewe katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mtoto wa kijiji cha Bagamoyo kilicho mbali na hospitali, maana yake ni kwamba aweza kutibiwa akiwa amelala juu ya meza ya darasani, kabla jino halijafikia hatua ya kung'olewa.

Lakini njia hii yataka mikono minne. Tabibu akiwa analikinga jino na mate kwa vipande vya pamba, hawezi wakati huohuo kuchanganya saruji. Msaidizi ndiye huitikisa chupa ya unga, akachota kijiko kimoja na kukisawazisha ukingoni. Chupa ya kimiminika huilaza kwanza ili hewa itoke, ndipo huisimamisha kichwa chini na kudondosha tone moja. Huugawa unga mafungu mawili, akachanganya la kwanza, kisha la pili. Yote hayo huisha ndani ya sekunde 20 hadi 30, na saruji huingizwa tunduni ingali inang'aa. Ikishapoteza mng'ao haishiki tena ipasavyo. Hutupwa, hata kama kuitupa kunauma.

Hapa pwani joto ni adui wa kazi hiyo, kwa sababu huiharakisha saruji kuganda. Unyevu nao huuharibu unga ulioachwa wazi. Kwa hiyo chupa hufungwa mara tu baada ya kuchota, na sanduku la dawa hukaa kivulini, kamwe si ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Vifaa vilivyotumika huoshwa kwa brashi, kisha hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selisiasi kwa dakika zisizopungua 15. Aoshaye ndiye aliye karibu zaidi na kuchomwa, hivyo huvaa glavu nene, naye apaswa kuwa amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Mwisho, msaidizi humweleza mtoto asile chochote kwa saa moja. Afadhali amweleze na mwalimu wa zamu, maana nje ya lango la shule muuza ubuyu yupo.