Rufiji na mwaka usio na mafuriko

Mwambie mkazi wa Dar es Salaam kwamba mto umefurika, naye atauliza wamekufa watu wangapi. Mzee wa Utete, kando ya Rufiji, atataka kwanza kujua maji yamefika wapi na yamekaa siku ngapi.

Swali lake ni la kitaalamu. Mto mkubwa wa nchi tambarare hauishii kwenye kingo. Kuanzia Rufiji inapochomoka kwenye korongo la Stiegler hadi delta inayotazamana na kisiwa cha Mafia, mto ni pamoja na bonde lote la pembeni, ambalo sehemu kubwa ya mwaka ni nchi kavu, kisha masika huligeuza ziwa. Mwaka 1989 wanasayansi Wolfgang Junk, Peter Bayley na Richard Sparks walilitungia jambo hili nadharia: uhai wa mito ya aina hii huendeshwa na kupanda na kushuka kwa maji kila mwaka. Warufiji walikuwa wakiishi kwa kalenda hiyo zamani sana.

Mtazame kambale. Maji yakipanda, kwa kawaida hadi kilele cha Aprili, huacha mkondo mkuu na kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa. Huko maji yana kina kifupi na joto, na nyasi zinazooza hulisha vijidudu ambavyo ndivyo chakula cha watoto wa samaki. Perege naye hupata pahali patulivu pa kuchimba kiota. Maji yakishuka, wengine hurudi mtoni, wengine husalia kwenye maziwa ya pembeni: Utunge, Ruwe, Zumbi, Uba. Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck, waliochunguza bonde hili kwa miaka mingi, walieleza jinsi uvuvi wa maziwa hayo unavyotegemea kuungana na mto. Ziwa lisilofikiwa na mafuriko misimu kadhaa hubakia jina tu.

Shambani ni vivyo hivyo. Mpunga hupandwa kwa mvua za mwanzo, ukue ukikimbizana na maji. Yakiondoka, yameshaua magugu na panya na kuacha tope jipya. Hapo hupandwa mahindi na kunde za mlau, zinazokomaa kwa unyevu wa ardhini bila kungoja mvua. Walinzi wa mashamba walikaa juu ya madungu, vibanda vya nguzo ndefu, maji yakipita chini. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliona wakazi wa bonde wanahitaji kuokolewa, ikawahamishia nchi ya juu. Wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu rutuba haikuhama nao.

Kwenye delta, penye msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, maji baridi husukuma chumvi nyuma. Kamba wachanga hukulia humo kabla ya kwenda baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkuu ulihamia kaskazini mwa delta, na wakulima wakaufuata, wakakata mikoko wapande mpunga. Hakuna aliyeuamuru mto.

Sasa yupo anayeuamuru, walau kwa kiasi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, mabishano yalikuwa kama bwawa lilichangia. Ni mabishano halali, ila yanaangalia upande mmoja. Mwaka ambao maji hayatatoka kabisa kingoni hautapigwa picha na mtu, na hasara yake itaonekana polepole sokoni Ikwiriri. Tope nalo hutuama nyuma ya ukuta. Misri iliyaona haya: Nile ilipozuiwa Aswan katika miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa wa baharini mbele ya delta uliporomoka.

Umeme tunauhitaji, na ukuta hauvunjwi. Lakini milango yake hufunguliwa kwa ratiba, na ratiba hupangwa na watu. Ikipangwa kwa kuangalia mitambo peke yake, maji mengi yanaweza kuja Agosti, yakayakuta mahindi ya mlau shambani, na kambale hana habari nayo.