Ddungu si Artemi: Kumtafsiri Lubaale wa Uwindaji

Mwalimu wa tafsiri akiwapa wanafunzi kifungu cha Kiingereza kuhusu mungu wa kike wa misitu na uwindaji, kazi huwa nyepesi. Artemi wa Wagiriki na Diana wa Waroma wanajulikana, na Kiswahili kina maneno tayari: "mungu wa kike", au "mungu mke", ambalo wasomaji wa Biblia wamelizoea kutokana na habari za Efeso katika Matendo ya Mitume, sura ya 19. Ugumu huanza tunapogeukia kwetu, tukitaka kueleza kwa Kiswahili yale ambayo Waganda wanayajua kwa Kiganda. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Basi hakina budi kuweza kuyasema mambo ya Uganda bila kuyapotosha.

Tuchukue mfano wa Ddungu. Katika imani za jadi za Buganda, Ddungu ni lubaale wa uwindaji, na wawindaji walimwelekea yeye kabla ya kuingia porini na mikuki, nyavu na mbwa wao. Mwanafunzi aliyezoea habari za Artemi hushawishika kuandika kwamba Ddungu ni "mungu wa kike". Kosa hilo ni rahisi kutendeka, kwa sababu si Kiganda wala Kiswahili kinachoonyesha jinsia katika kitenzi. Tukisema "Ddungu aliwapa wawindaji nyama", kiambishi a- hakitujulishi kama ni mume au mke. Kiganda hudokeza jinsia mahali pengine, hasa katika majina ya watu: pacha mdogo wa kiume ni Kato, wa kike ni Nakato. Ddungu ni wa kiume.

Je, mwanamke yuko wapi? Yupo, ila si porini na mkuki. Nagawonyi ni lubaale wa kike anayehusishwa na ukame na njaa, yaani ndiye aliyeombwa mvua ilipokataa na mashamba yakakauka. Kuna pia misambwa (kwa Kiganda, emisambwa), ambao ni roho za mahali: chemchemi, mwamba, mto au mti mkubwa. Msambwa huweza kujitokeza katika umbo la mnyama, kama vile nyoka, na mahali pake hapaguswi ovyo. Kwa hiyo sifa ambazo Wagiriki walizikusanya kwa mungu mmoja, Waganda wamezigawa: uwindaji kwa Ddungu, na chemchemi na miti kwa misambwa. Hata ulinzi wa wanyama una njia yake nyingine kabisa, nayo ni miziro ya koo. Mtu wa ukoo wa Ngabi hali pongo, na wa Mbogo hali nyati, hata kama Ddungu amemjalia bahati ya mawindo. Mfasiri anayetafuta "mungu wa kike wa maumbile na uwindaji" katika Buganda anatafuta kiti ambacho hakikuchongwa.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, lubaale. John Roscoe, mmisionari Mwingereza aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu Waganda mwaka 1911, alitumia neno la Kiingereza lenye maana ya "mungu", na wengi tumemfuata. Lakini muumba kwa Kiganda ni Katonda, na lubaale si Katonda. Masimulizi ya lubaale wengi yanaanza na binadamu. Kibuuka, lubaale wa vita, anasimuliwa kuwa shujaa kutoka visiwa vya Ssese aliyepigana akiwa juu ya wingu, akauawa kwa mishale ya Wanyoro. Masalio yake yalipelekwa Cambridge wakati wa ukoloni na kurudishwa Uganda mwaka 1962. Yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Uganda, Kamwokya. Sijui ni wapi pengine ambapo somo la msamiati linaweza kufundishwa mbele ya kabati la kioo.

"Mzimu" nalo halifai, ingawa linavutia kwa kuwa linafanana na la Kiganda. Omuzimu ni roho ya marehemu wa kawaida, wa familia. Lubaale ni wa taifa zima na ana mmandwa anayesema kwa niaba yake. Isitoshe, katika Kiswahili cha pwani "mzimu" huweza pia kuwa mahali penyewe pa kutambikia, kama pango au mbuyu. "Pepo", "jini" na "shetani" yana mizigo yake ya kidini, na mwanafunzi Mganda ana haki ya kukasirika akiona Ddungu ameitwa shetani katika kitabu cha darasani.

Maoni yangu ni kwamba tulitwae neno lubaale kama lilivyo, na kulipa upatanisho wa viumbe hai bila kubadilisha umbo katika wingi, kama tunavyofanya kwa "ndugu" na "rafiki": lubaale huyu, lubaale hawa. Tutaepuka pia utata wa "miungu", ambalo lina umbo la ngeli ya mti na miti, na mwandishi mmoja huandika "miungu hawa", mwingine "miungu hii".

Jambo moja la kufurahisha kwa wanaosoma isimu. Kwa Kiganda kuwinda ni okuyigga, na mwindaji ni omuyizzi: gg imegeuka zz mbele ya i. Kiswahili kina kitenzi saka, na kutokana nacho nomino msasi: k imegeuka s mbele ya i hiyo hiyo. Linganisha pika na mpishi, iba na mwizi. Nao mkuki, ambao kwa Kiganda ni effumu, una jina la zamani la Kiswahili, fumo. Kwa hiyo anayetafsiri habari za Ddungu asiridhike na "mwindaji" na "mkuki" pekee. "Msasi" na "fumo" yanamweka karibu zaidi na sauti ya Kiganda.

Mwalimu anayetaka kulijaribu hili darasani aanze na orodha ya mahudhurio. Hapa Kampala si ajabu kukuta humo Mukasa, Kiwanuka, Musisi, Kibuuka, na pengine Ddungu mwenyewe. Wote hao ni majina ya lubaale, na wenye majina hayo waulizwe kwanza wangependa waitweje kwa Kiswahili.