Pointi 100 za Hershey: thamani ya kitu cha zamani inatoka wapi?

Ndugu wasomi, tuanze na hesabu moja ya ajabu. Mwaka 2000, kule Marekani, mpira mmoja wa basketi ulifika mnadani bei ya dola zaidi ya 551,000. Mauzo yakasimamishwa. Uliporudi mnadani, ule ule mpira, bila kupasuka wala kuchubuka, ukauzwa dola 67,791 tu. Juu ya nini bei ilianguka hivyo?

Jibu liko katika usiku wa tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania. Usiku ule Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors aliwafunga New York Knicks pointi 100 yeye peke yake: vikapu 36, na mipira ya adhabu 28 kati ya 32. Mchezo uliisha 169 kwa 147. Katika NBA hakuna mtu mwingine aliyefika mia kwa mchezo mmoja.

Sasa sikilizeni. Uwanjani kulikuwa watu 4,124 tu kwa hesabu rasmi. Televisheni haikuwako, na hakuna filamu ya mchezo ule. Kwa hiyo, mwenye kutaka kushika kitu cha usiku ule anatafuta ndani ya vitu vichache sana: vipande vya tiketi, programu zilizouzwa mlangoni, picha, sauti ya redio. Na ule mpira.

Kuhusu mpira, kijana wa miaka 14 aliingia uwanjani mara tu pointi ya mia ilipofungwa, akauchukua na kukimbia nao mpaka nyumbani. Akakaa nao miaka na miaka. Ulipopata ile bei kubwa, watu wa timu ya zamani wakasema: hapana, mpira wa pointi ya mia ulitolewa mchezoni palepale, kijana alibeba ule uliowekwa mahali pake. Nani ana haki? Hakuna karatasi ya siku ile inayoweza kukata shauri. Basi, shaka peke yake ilikula karibu dola 484,000.

Linganisheni na picha maarufu ya Chamberlain akishika karatasi yenye namba 100. Harvey Pollack, mtu wa takwimu na habari wa timu, aliiandika ile namba kwa mkono kisha akampa. Paul Vathis, mpiga picha wa shirika la Associated Press, alikuwa amekuja kutazama tu pamoja na mtoto wake. Alipoona mambo yanakuwa makubwa, alienda kuchukua kamera yake. Picha ile tunajua nani alipiga, wapi, siku gani. Hakuna mwenye kuibishia.

Na sauti je? Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alirekodi kwa tepu robo ya nne, redio ilipoirudisha hewani usiku wa manane. Mwanafunzi tu, sawa sisi, chumbani mwake! Mwaka 2016 sauti ya robo ile iliingizwa katika hazina ya taifa ya sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kwa hiyo, mwenye kukusanya vitu sawa hivi anauliza maswali haya kabla ya kutoa franga:

Moja, kilitoka mikononi mwa nani, kikapita kwa nani mpaka leo? Mnyororo ukikatika, bei inashuka.

Mbili, kitu chenyewe kinakubaliana na wakati wake? Programu ya mlangoni ilichapwa kabla ya mchezo. Kama ndani yake imetajwa pointi 100, ujue ilichapwa baadaye.

Tatu, sahihi inathibitisha nini? Chamberlain aliishi mpaka 1999, akatia sahihi vitu vingi. Sahihi ya kweli inaonyesha kwamba alikishika kile kitu, lakini haisemi kwamba kitu kilikuwa Hershey usiku ule.

Sisi wenye diploma tunaelewa jambo hili haraka. Unaweza kuwa umesoma miaka mitano, lakini kama jina lako halionekani katika daftari za chuo, nani atakuamini?

Basi, ukiwa na tiketi, jezi au picha ya mchezo mkubwa, chukua karatasi leo: andika ulikipata kwa nani, tarehe gani, wapi, na nani alikuwapo, mashahidi watie sahihi. Kitu usikisugue, tiketi usiifunike na plastiki ya mashine. Weka pakavu, mbali na jua. Yule kijana wa Hershey aliulinda mpira wake vizuri sana. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye majina ya watu wawili au watatu walioona.